Kalavati la Elia Mayige

Mume wangu Elia ni mtu wa kupima maji ambayo hayajanyesha. Ndivyo ninavyowajibu wateja wangu pale sokoni Bariadi, kwenye kibaraza ninaposhonea, wakiniuliza bwana wako anafanya kazi gani. Wapo waliodhani ni mganga wa mvua. Nikiwaambia ni fundi sanifu wa barabara, na kwamba kila kalavati wanalopita juu yake bila hata kulitupia jicho kuna mtu alikaa chini akalipigia hesabu, wananitazama kama mwanamke anayejisifia mume. Basi huwa naendelea kukanyaga cherehani.

Mimi ni wa Mwanhuzi. Kwetu mvua ni mgeni wa nadra, anakuja kwa kishindo na kuondoka bila kuaga, kwa hiyo sikuona sababu ya mtu mzima kulipwa mshahara kwa ajili ya maji. Nilipoolewa nilimcheka sana. Alikuwa akitoka kazini na matope hadi magotini, ukimuuliza ulikuwa wapi anasema alikuwa juu ya kilima. Barabara iko bondeni, wewe kilimani unatafuta nini? Siku moja alichoka na kejeli zangu, akaja jikoni akachukua sinia na blanketi. Akaliinamisha sinia, akamwaga jagi la maji. Maji yote yakafika ukingoni kwa pamoja, yakarukia kanga yangu. Kisha akalikunja blanketi, akaliinamisha vilevile, akamwaga jagi la pili. Blanketi likanywa, likanywa, ndipo likaanza kudondosha tone moja moja.

"Kalavati halijengwi kwa mvua ya mwaka mzima," akaniambia. "Linajengwa kwa saa ile moja maji yanapofika yote kwa wakati mmoja. Lazima nijue ardhi inayomwaga maji pale ni kubwa kiasi gani, mvua ikinyesha ya kweli inanyesha vipi, na huko juu ni sinia au ni blanketi."

Nikamwambia nimeelewa, na kwa kuwa blanketi limelowa, aende akalianike mwenyewe. Alienda kulianika huku akicheka, maana siku hizo alikuwa mwepesi wa kucheka.

Kwao ni Mwabukinda, kijiji kilichoko upande wa kwenda Sola. Kuna kilima chenye mawe kichwani na udongo mweusi miguuni, na chini yake kuna korongo linaloukata mji wote vipande viwili: huku nyumba na mashamba, ng'ambo kigango, zahanati na barabara ya kutokea. Kilima chote kilikuwa ngitili ya baba mkwe wangu, mzee Mayige. Ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza hakuna ng'ombe anayekanyaga, nyasi zinaachwa zikue hadi kiunoni, na kiangazi kikikaza, wakati kwingine kumebaki vumbi, ndipo panafunguliwa. Mzee Mayige aliilinda ngitili hiyo kwa ukali ambao wajukuu walikuwa wakiusimulia. Mtu akikamatwa anakata hata mgunga mmoja, alitozwa mbuzi, awe jirani au ndugu. Alikuwa mgumu hivyo hata kwa wanawe.

Ofisi ilipoamua kuweka kalavati pale korongoni, kazi ya kupima akapewa Elia. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, labda siku ya harusi, na hata siku ya harusi viatu vilikuwa vinambana. Alipanda kilimani na baba yake. Mzee akamuuliza anatafuta nini huko juu, Elia akajibu anatafuta maji. "Maji yako bondeni," mzee akasema. "Hayo yameshafika, baba. Mimi natafuta yanakoanzia." Mzee akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili.

Akazunguka, akatazama nyasi, akatazama vichaka, akakipigia kilima hesabu ya blanketi. Jibu likawa mabomba mawili makubwa sambamba. Nikamuuliza swali la fundi mwenzake: "Umeacha pindo?" Sisi ukimshonea mtoto unaacha pindo nene, ili akikua ulifumue uishushe nguo. Akaniambia ameacha. Ameacha kwa ajili ya mvua kubwa kuliko zinazokumbukwa, ameacha kwa ajili ya takataka zinazoziba midomo ya mabomba. Na ni kweli aliacha. Kalavati lile lilisimama miaka mingi, hata mwaka ule mvua zilipozikata barabara za majirani, sisi tulipita.

Mama yake, mayu Nyanjige, ndiye aliyelipenda kuliko wote. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, si wa Krismasi na Pasaka tu, na kabla ya kalavati alikuwa akivua viatu na kupandisha kanga kila Jumapili ili afike kigangoni. Sasa alivuka na viatu vyake miguuni. Akikutana na mtu pale juu, hata kama ni mpita njia asiyemjua, alimsalimu mwadila, akaitikiwa, kisha akagonga kingo za zege kwa mkongojo: "Hili ni la ng'wanone." La mwanangu. Elia alikuwa akiona haya. Mimi nilikuwa nikimwambia aache haya, kuna wanaume wamejenga maghorofa na mama zao hawajawahi kuyagonga kwa fimbo.

Kisha mzee Mayige akafa. Alikufa kwa uzee, kitandani, akiwa ameshapakwa mafuta na padri, kifo ambacho watu huombea. Tulilia tukamaliza. Matanga yalipoanuliwa wana wakaketi kuzungumza, na jambo la kwanza kuwekwa mezani lilikuwa ngitili.

Mdogo wake Elia, Mboje, ndiye aliyelitoa. Nitasema ukweli juu ya Mboje ingawa moyo wangu hautaki: alikuwa na haki. Ana watoto wengi na shamba lake lilikuwa limechoka, pamba inatoka fupi kama mchicha. "Kaka," alisema, "nyasi hazilishi watoto. Wewe una mshahara, unaweza kupenda nyasi. Mimi nakaa chini ya kilima cha baba yangu na wanangu wanalala wamekunywa uji." Wadogo wengine wawili wakamuunga mkono. Elia akakataa. Hakusema mengi, alisema tu kwamba baba hakutaka, na kwamba kilima kile kinashikilia maji. Wakamwona mchoyo. Ukiwa mtoto wa kwanza na una kazi ya ofisini, hata ukisema ukweli unaonekana unazuia mali.

Ugomvi ukakaa ndani ya mji kama moshi usiopata pa kutokea. Tukienda Mwabukinda, wanaume wanakula sehemu mbili. Krismasi moja Mboje hakuja kabisa, na nyumba yake iko hapo hapo, unaona hata kuku wake. Mayu alikonda. Siku moja akamwita Elia, akamkalisha kwenye kigoda cha mzee, na mimi nilikuwapo nachambua mlenda.

"Ng'wanone," akamwambia, "baba yako alikuwa na kilima, mimi nina nyinyi. Sitaki kufa mkiwa mmegawanyika. Wape."

Elia akamwambia, "Mayu, maji."

"Maji yana kalavati lako," mayu akajibu. "Mimi na wewe tunazungumza habari za ndugu."

Akakubali. Nani angekataa? Wangapi kati yenu wameambiwa hivyo na mama mzazi na wakajibu kwa habari za maji?

Sasa ikabaki kugawa. Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Kilima, kama nilivyosema, juu ni mawe na chini ni udongo mweusi wenye rutuba. Ukikigawa kwa kukata katikati, wa juu anapata mawe na wa chini ananenepa, na hapo umenunua vita ya wajukuu. Mayu alilifikiria, akatoa shauri ambalo wote walilisifu: kila mmoja apate mkanda mmoja kutoka kileleni hadi korongoni, awe na mawe yake na udongo wake. Hakuna wa kumwonea mwenzake wivu. Na ili asiwepo wa kusema amepunjwa, mwenye kupima awe Elia, kwa kuwa ndiye anayejua kupima.

Akapima. Alikuja na utepe mrefu na fito zake zilizopakwa nyekundu na nyeupe, akashinda kutwa juani akipandisha na kushuka, wadogo zake wakishika ncha. Walipomaliza, mikanda ilikuwa imelala pale kilimani, minne, sawasawa kabisa. Mboje alimkumbatia kaka yake mbele za watu. Mayu alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Tukachinja mbuzi, tukala sinia moja. Nimeona siku chache nzuri kama ile, na hata leo, pamoja na yote, sitaki kuisema vibaya.

Tuliporudi na pikipiki, Elia alisimama pale kalavatini. Nikadhani anataka kujisaidia. Akashuka, akageuka akakitazama kilima. "Scola," akasema, "watalima kwa urefu."

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza. Mkanda mwembamba na mrefu unalimwa kwa kufuata urefu wake, maana hakuna mtu atakayegeuza maksai kila baada ya hatua chache. Na urefu wa mikanda ile ulikuwa kutoka juu kwenda chini. Kila mfereji wa plau, kila nafasi kati ya tuta na tuta, ungekuwa mtaro unaoelekea korongoni. Alikuwa ameshinda kutwa akipima, na kutwa nzima alikuwa mtoto wa kwanza wa Mayige, si fundi wa maji. Fundi aliamka jioni, kazi ikiwa imekwisha.

"Si urudi uwaambie," nikamwambia.

Alirudi, si siku ile tu, alirudi mara nyingi. Aliwaomba walime kwa kukatiza mteremko. Aliwaomba waache angalau ukanda wa nyasi kule chini. Mboje akamjibu, "Kaka, umetupa kwa mkono wa kulia, sasa unataka kutunyang'anya kwa wa kushoto." Lakini waliahidi kuacha zile nyasi za chini, na msimu wa kwanza kweli waliziacha. Msimu wa pili zilipungua. Msimu wa tatu udongo mweusi ule ule wa chini, wenye kuzaa, ulikuwa na pamba mpaka ukingoni mwa korongo, na migunga ilikuwa imeshakuwa mkaa. Ukisimama barabarani ulikiona kilima chote kimechanwa kwa mistari mirefu inayokutazama. Mkanda wa Elia peke yake ulikuwa na nyasi.

Ofisini nako hakukaa kimya. Alipiga hesabu upya, kilima sasa kikiwa sinia, akaonyesha kwamba mabomba mawili hayatoshi, panatakiwa kalavati la boksi lenye midomo mipana. Wakubwa wake walimsikiliza. Walikubali, wakaliingiza kwenye mpango, na likasubiri foleni pamoja na makalavati mengine ambayo nayo yalikuwa na watu wake. Nimetafuta sana mtu wa kumchukia katika habari hii. Ningempata ningelala vizuri.

Aliyebaki kuonywa ni mayu. Elia alimwambia, "Mayu, ukiona kilima kimefunga wingu, usivuke, hata kama huku uliko kuna jua."

Mayu akamcheka. "Korongo hili nalijua kabla hujazaliwa. Lina adabu zake. Kwanza linalia, ndipo linakuja. Likianza kulia unasonga ugali, unakula, unaosha vyombo, ndipo maji yanafika." Na alisema kweli. Kwa maisha yake yote ndivyo lilivyokuwa, kwa sababu juu yake kulikuwa na blanketi. Nani angemweleza bibi wa umri ule kwamba korongo limebadilika tabia?

Ilikuwa siku ya jumuiya, wanawake walikuwa kigangoni kufanya usafi kwa ajili ya kipaimara. Yaliyotokea aliyasimulia Anna, jirani, aliyekuwa akirudi naye. Kule kigangoni hakukuwa na tone. Kilimani kulikuwa kweusi na ngurumo zinapiga. Walipofika kalavatini mabomba yalikuwa yamejaa na maji yameshaanza kupita juu ya barabara, membamba, ya kifundo cha mguu. Anna alimwambia wasubiri. Mayu akatega sikio. "Bado halijalia," akasema. Akavua viatu vyake, akavishika mkononi kama zamani, akapandisha kanga, akaingia. Anna alibaki nyuma akijifunga kanga yake vizuri.

Halikulia. Lilikuja lote, likiwa na matope na mabua ya pamba na vigogo. Mabua yakaziba midomo ya mabomba, maji yakakosa pa kupita, yakapanda, yakala tuta la barabara kwa ubavuni. Anna anasema mayu aligeuka kumtazama, hakupiga kelele, alikuwa kama mtu aliyeitwa jina na asiyemfahamu. Kisha barabara ikamegeka pale aliposimama.

Tulimpata kesho yake, mbali, kwenye majaruba ya mpunga. Viatu sikuviona tena.

Sitaeleza mazishi. Elia aliingia kaburini mwenyewe kumpokea mama yake, na akatoka mwenyewe. Nilimwandalia maji ya kuoga yakapoa. Nilimwandalia tena.

Baada ya matanga ndugu wakaketi, kama walivyoketi alipokufa mzee. Wazee wa ukoo walikuwapo, nasi wanawake tulikuwa pembeni, karibu vya kutosha kusikia. Mboje akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na ninaamini uchungu wake ulikuwa wa kweli.

"Nina swali moja kwa kaka," akasema. "Umepima barabara za watu mkoa mzima, Busega mpaka Meatu. Zinapitika. Kalavati la mama yako ndilo ukalipima dogo. Kwa nini?"

Kila mtu akamgeukia Elia. Mimi nikasema moyoni, sasa atajibu. Sasa atawaambia kwamba kalavati lilikuwa kubwa vya kutosha kwa kilima cha baba yao, na kwamba yaliyomchukua mama yalikuwa maji ya matuta yao wenyewe, na mabua yaliyoziba yalikuwa ya pamba yao wenyewe. Ngoja waone. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ili, akinyamaza yeye, niseme mimi. Ninao ulimi, kila anayenifahamu anajua.

Elia akanitazama. Alinitazama mimi kwanza, kutoka kule walikokaa wanaume, akatikisa kichwa kidogo tu. Kisha akamwambia mdogo wake, "Ni kweli. Nilipima vibaya."

Wazee wakaguna. Mboje akalia kwa sauti, akatoka nje, na wale wadogo wawili wakamfuata, mmoja akiwa amemshika bega.

Njiani nilimgombeza mume wangu kama sijawahi. Nilimwambia mwanamume hajitwiki mzigo usio wake, nilimwambia ametuaibisha, mimi na watoto, sasa tutaitwa nyumba iliyomuua bibi. Alisimamisha pikipiki. Akaongea bila kunigeukia.

"Nikitaja kilima itabidi nitaje mikanda. Nikitaja mikanda wataniuliza ni nani aliyesema ikatwe kutoka juu kwenda chini. Unataka niwaambie wale watoto kwamba mama yao alikufa kwa mgao wa haki alioutoa mwenyewe?" Kisha akasema, "Na mikanda nilipima mimi. Alitaka kitu kimoja tu, Scola. Wasigawanyike. Waache wasigawanyike."

Na hawakugawanyika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mboje na wenzake ni kitu kimoja, wanalimiana, wanavuniana, wakichinja wanakula sinia moja. Waliyemtoa ni mmoja. Mtoto wa Mboje akibatizwa tunasikia kwa Anna. Elia anatuma salamu, anajibiwa mhola, amani, na hapo pamekwisha. Mayu alipata alichokiomba, ila aliyempa ndiye aliyebaki nje.

Mwaka huu zamu ya kalavati la Mwabukinda ikafika. Elia aliomba asilipime yeye, ofisi ikamwelewa, ikampa kazi mhandisi kijana anayeitwa Novatus. Ni mtoto mwenye heshima na anayeijua kazi. Akamwomba Elia ampeleke tu akamwonyeshe maji yanakopita. Nikaomba kwenda nao nikapalilie kaburi la mayu.

Tulipanda kilimani sote, maana Elia alisema hesabu inaanzia juu. Ilikuwa wakati wa kuvuna, pamba imefunguka kila upande, nyeupe, nzuri kwa kweli. Mboje alikuwa kwenye mkanda wake anachuma, karibu nasi kabisa. Nikamsalimia, akaitikia, "Mwadila, shemeji," bila kuinua uso. Kando yake ulikuwa mkanda wa mume wangu, nyasi kiunoni, na migunga michanga imeanza kurudi.

Novatus alikitazama kilima chote. Kisha akasema, "Mzee Elia, nimeona picha za zamani za kilima hiki kilivyokuwa. Lile kalavati la kwanza ulilipima sawasawa. Hata mimi ningepata jibu lile lile. Isingekuwa hii mi…"

"Novatus," Elia akamkatiza, kwa ukali nisiouzoea. "Kazi."

Mkono wa Mboje ulikuwa umesimama juu ya pamba. Nilimwona. Sijui alisikia kiasi gani, na kama alisikia sijui alielewa. Baada ya muda mkono ukaendelea kuchuma.

Kijana wa watu alifedheheka kidogo, akarudi kwenye kazi. Akauliza ardhi aihesabu vipi. Elia akamwambia shamba, lote, na matuta yanashuka. Novatus akaonyesha kwa kalamu. "Na huu mkanda wenye nyasi? Huu niuhesabu nyasi? Utatupunguzia maji kidogo."

"Uhesabu shamba," Elia akasema.

"Lakini mzee, ni nyasi. Ni mali yako, na naona umeitunza."

Elia aliinama akang'oa bua moja la nyasi, akalizungusha vidoleni. Nilijua anamfikiria baba yake, maana ndivyo mzee alivyokuwa akifanya. Tangu tumzike mama nilikuwa nikisubiri mwanamume huyu alie, na nilikuwa nimekata tamaa. Machozi yakamtoka pale, mbele ya kijana, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"La kwanza nilihesabu kwamba baba yupo," akasema. "Nilimhesabu kwamba atakuwepo daima kama yale mawe. Hizi nyasi zipo kwa sababu mimi nipo, na mimi nina watoto wanne. Usinihesabu. Hesabu kama sipo."

Niliteremka kwenda kaburini na jembe langu. Nyuma yangu nilimsikia kijana akiuliza mara ya pili, kwa upole, kama ana hakika, na Elia akijibu kwamba ana hakika. Novatus akaandika shamba.